Shajara ya mradi: kuipanga upya diski ya kompyuta ya nyumbani

Ijumaa jioni: hali ya kuanzia

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyotumika, ya aina ile ya ofisini: prosesa ya Intel Core i5 kizazi cha tatu, RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 500 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na Windows 10. Iko sebuleni kwa mama, Chumbageni, Tanga. Mama ni mwalimu mstaafu anayefundisha tuisheni, na mitihani aliyotunga kwa miaka mingi imo humo. Mdogo wangu anarekodi kaswida za madrasa, sauti nane kwa mpigo, na usiku anashusha video kwa torenti, yaani faili linakuja vipande vipande kutoka kompyuta za watu wengine.

Malalamiko ni matatu. Inachelewa kuwaka. Ukitaka kuhamisha video moja, unaweza kwenda dukani na kurudi ukaikuta bado inahesabu. Na kaswida ikichezwa kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kucheza sauti, inakatikakatika.

Fundi mmoja wa Ngamiani aliitazama mwezi uliopita akatoa hukumu fupi: ipigwe fomati, iwekwe Windows upya. Mama akakataa. Naona alikuwa sahihi, na ndiyo maana nimeanza kazi hii. Fomati inafuta dalili zote kwa pamoja na ushahidi wake. Miezi michache baadaye mashine inarudi palepale, na hakuna anayejua imefikaje. Mimi nataka kujua imefikaje.

Kwa hiyo nimeanza na vipimo, kabla sijagusa chochote.

Kuwaka, kuanzia kubonyeza Restart hadi Task Manager ionyeshe diski imetulia chini ya asilimia 10: dakika 6 na sekunde 10. Nimetumia Restart makusudi. Windows 10 ukiizima kwa njia ya kawaida huhifadhi kiini cha mfumo kwenye faili la hiberfil.sys, na ukiiwasha inakirudisha kutoka humo, hivyo kipimo hakionyeshi kazi yote. Restart huanza mwanzo kabisa.

Kunakili video moja ya gigabaiti 1.4 kwenda kwenye diski ya nje kwa tundu la USB 3: sekunde 66, yaani kama megabaiti 21 kwa sekunde. Diski ya namna hii ikiwa inasoma mfululizo inapaswa kutoa karibu megabaiti 100. Kuna kitu kinakula hizo nyingine, na video hii nitaiacha palepale ilipo hadi mwisho ili iwe shahidi.

Jumamosi asubuhi: nakala kwanza

Kudifragi ni kuhamisha maelfu ya vipande vya data kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyingine, ili vipande vya faili moja vikae pamoja. Diski yenye afya inaivumilia kazi hiyo bila shida. Diski inayokufa inaweza kumalizikia hapohapo. Kabla hujajua unayo ipi, nakala ya kila kitu kisichoweza kupatikana tena iwe imekwisha toka nje ya mashine.

Nimetumia robocopy, amri ya kunakili ambayo imo ndani ya Windows, kwa kuongeza /E ili ichukue folda zote za ndani, na /R:1 /W:1. Hizo mbili za mwisho ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Usipoziweka, robocopy ikikwama kwenye faili lisilosomeka itajaribu tena mara milioni moja, na kila jaribio itasubiri sekunde 30. Faili moja bovu linatosha kuizuia kazi nzima.

Mama akaja na kahawa.

"Mwanangu, mitihani ya darasa la saba imo?"

"Imo, mama. Nimefungua kadhaa kuhakikisha."

"Fungua na ile ya Hisabati yenye michoro."

Nikaifungua mbele yake. Nakala ambayo hujaifungua ukaiona kwa macho ni matumaini tu, na mama anafahamu hilo bila kufundishwa kompyuta.

Jumamosi mchana: afya ya diski

Kila diski huweka kumbukumbu ya maradhi yake yenyewe, mfumo unaoitwa SMART. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inazisoma kumbukumbu hizo na kuzionyesha kwa safu. Safu ni nyingi. Ninazoanza nazo ni hizi: 05, sekta (vijisehemu vya diski vinavyobeba data) zilizokufa zikabadilishwa na za akiba, C5, sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua hatima yake, na C6, zile zilizoshindikana kabisa. Zote kwetu ni sifuri. Nimefurahi sana. Kama C5 ingekuwa na namba yoyote, mradi ungeishia hapa: hakuna difragi, ni kuondoa data na kutafuta diski nyingine.

Lakini C7 ina namba, tena kubwa. Hiyo huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mkuu. Data imetumwa, ikafika imeharibika, ikatumwa tena. Mara nyingi sababu haiko kwenye diski bali kwenye waya wa SATA au pini zake. Nimefungua boksi. Waya ulikuwa umekunjwa kwa nguvu chini ya kifuniko, na kufuli yake ya plastiki imevunjika, kwa hiyo umekaa pale kwa kubahatisha. Nimeweka mwingine niliokuwa nao kwenye droo.

Namba ya C7 hairudi nyuma hata ukitengeneza. Unachofanya ni kuiandika na kuangalia kama inaendelea kupanda. Nimeiandika.

Halafu chkdsk C: /f, amri ya kukagua diski, ambayo inaomba kuwasha upya ili ikague kabla Windows haijaanza kuitumia diski. Ilipata makosa madogo ya orodha za mafaili na kuyasahihisha. Hili nalo lazima litangulie. Huwezi kupanga mafaili vizuri kama orodha inayosema yako wapi yenyewe ina makosa.

Jumamosi jioni: uchambuzi

Amri ni defrag C: /A /V, kwa dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi. /A maana yake chambua tu, usihamishe kitu. /V maana yake nipe maelezo yote.

Majibu: mtawanyiko, yaani mafaili kukatika vipande vilivyokaa mbalimbali, asilimia 31. Nafasi wazi gigabaiti 19 kati ya 465. Na mstari ambao wengi hawausomi, ukubwa wa kipande kikubwa kabisa cha nafasi wazi iliyoungana: haufiki gigabaiti moja.

Hapo ndipo nilipoona jinsi mashine ilivyofika hapa. Windows ikitaka kuandika faili hutafuta mahali palipo wazi kwa mfululizo. Diski ikiwa na nafasi kubwa, inapata na kuliandika faili zima pamoja. Diski ikijaa, zinabaki nafasi ndogondogo zilizoachwa na mafaili yaliyofutwa, na faili jipya linalazimika kugawanywa humo. Faili linazaliwa likiwa vipande. NTFS, mfumo ambao Windows inautumia kupanga mafaili kwenye diski, wenyewe hutenga sehemu ya diski kwa ajili ya upanuzi wa orodha yake kuu ya mafaili, lakini nafasi ikibana huitoa sehemu hiyo kwa mafaili ya kawaida, na ikifikia hapo hata orodha inaanza kukatika.

Torenti inaongeza tatizo. Video inakuja kwa vipande visivyofuatana, cha mwisho kinaweza kutangulia cha kwanza, na kama programu haikuambiwa itenge nafasi yote mapema, kila kipande kinatafuta pa kukaa chenyewe. Kurekodi sauti nane kwa wakati mmoja kuna tabia hiyohiyo. Mafaili nane yanakua pamoja, yakigombania nafasi inayofuata.

Ili kuona faili mojamoja nimetumia Contig, zana ndogo ya Mark Russinovich kutoka mkusanyiko wa Sysinternals. Nimeandika contig -a na jina la ile video ya kipimo. Vipande 3,800.

Sasa hesabu. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Kichwa cha kusomea kikishafika kwenye mstari wake, kwa wastani kinasubiri nusu mzunguko ili data ipite chini yake: milisekunde 4.2. Kukisogeza kichwa chenyewe hadi hapo, kwa diski za mezani, ni kama milisekunde 9. Jumla ni milisekunde 13 kwa kila kuruka. Zidisha kwa 3,800 na unapata sekunde 49. Kusoma gigabaiti 1.4 zenyewe kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni sekunde 14. Jumla 63. Mimi nilipima 66.

Nilikaa nikiutazama mstari huo kwenye daftari kwa muda. Robo tatu ya muda wa kusubiri ni mkono wa chuma unaotembea huku na huko bila kusoma kitu. Ni kama muuza mikate wa baiskeli hapa Ngamiani aliyepewa orodha inayompeleka barabara ya 2, kisha ya 19, kisha ya 5, kisha ya 17, mkate mmoja kila mlango. Mikate ni ileile, na wanunuzi ni walewale. Kinachoua ni njia.

Jambo moja kuhusu ile asilimia 31. Tangu Windows Vista, kipande kikifika megabaiti 64 hakihesabiwi tena kama mtawanyiko. Kuna watu hulalamika kwamba hiyo ni kuficha ukweli. Hesabu hiyohiyo ya juu inaonyesha si hivyo. Megabaiti 64 zinasomwa kwa zaidi ya nusu sekunde, na ukiongeza milisekunde 13 baada ya hapo hakuna atakayezihisi. Programu inayokesha ikiunganisha vipande vya namna hiyo inaichosha diski bure.

Jumapili: kutafuta nafasi

Zana ya Windows XP ilikuwa inadai asilimia 15 ya diski iwe wazi kabla haijafanya kazi ipasavyo. Sisi tulikuwa na asilimia 4. Kupanga vitu kunahitaji mahali pa kuviweka kwa muda.

Disk Cleanup, sehemu ya mafaili ya mfumo, imeondoa mabaki ya masasisho ya zamani. Folda za muda zimesafishwa. Kisha video. Mdogo wangu alikaa nami, tukapitia moja baada ya nyingine, na alizotaka kubaki nazo zimehamia diski ya nje isipokuwa ile ya kipimo. Sasa ziko wazi gigabaiti 171.

Nimechambua tena kabla ya kuendelea, na hiki ndicho kipengele ambacho ningependa kila anayefanya kazi hii akione: mtawanyiko umeshuka kutoka asilimia 31 hadi 12, na bado sijadifragi kitu. Mafaili yaliyokatika vibaya zaidi yameondoka na vipande vyake. Tena huko yalikokwenda yameandikwa mfululizo, kwa kuwa diski ya nje ilikuwa na nafasi. Kunakili faili kwenda diski iliyo wazi na kulirudisha ni kudifragi kwa mkono, na kwa faili moja au mawili makubwa ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

Kuwaka baada ya waya mpya na nafasi: dakika 5 na sekunde 35. C7 haijapanda tangu jana.

Jumapili usiku: difragi yenyewe

Maandalizi yalikuwa haya. Mashine imechomekwa kwenye UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Kulala kwa mashine nimekuzima, kwa sababu mashine ikilala kazi inasimama. Intaneti nimeiondoa ili masasisho yasiingie katikati. Antivirusi nimeiacha iendelee ila ukaguzi wake wa ratiba nimeusogeza. Mdogo wangu ameahidi kutogusa hadi asubuhi.

Kuhusu umeme, kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila mtu hapa. Windows huhamisha vipande kupitia njia maalumu ya mfumo wenyewe iliyoanzia Windows NT 4.0. Data inanakiliwa kwanza mahali papya, ndipo orodha inabadilishwa kuelekeza huko, na NTFS ina daftari la mabadiliko inalolitumia kujirekebisha baada ya ajali. Umeme ukikatika katikati, faili linapaswa kubaki pale lilipokuwa au liwe limeshafika linakokwenda. Hata hivyo diski ina kumbukumbu yake ndogo ya muda inayopotea umeme ukienda, kwa hiyo UPS naiona ya lazima.

Kuna gharama moja ambayo haisemwi sana. Kama una vituo vya kurejesha mfumo vya Windows, difragi kwenye diski yenye klasta (vipimo ambavyo diski hugawiwa kwa mafaili) za kilobaiti 4, ambazo ndizo za kawaida, inaweza kuvijaza mabadiliko hadi vile vya zamani vikafutwa. Mfumo unaona data imeandikwa mahali papya na kuitunza nakala ya kilichokuwapo. Ukitegemea vituo hivyo kama akiba yako pekee, usianze kazi hii kabla ya kuweka nakala nje.

Amri: defrag C: /U /V /H. /U inaonyesha maendeleo. /H inaipa kazi kipaumbele cha kawaida, badala ya kile cha chini inachokitumia ikiwa inafanya kazi nyuma ya pazia.

Nimeanza baada ya isha. Joto la diski lilikuwa nyuzi 41 mwanzoni, na saa moja baadaye limefika 49. Usiku wa pwani una joto, na kichwa cha diski kikitembea mfululizo kinaongeza. Nimefungua ubavu wa boksi na kuelekeza feni ya mezani, likashuka hadi 44 na kukaa hapo. Watengenezaji wengi huweka kikomo karibu na nyuzi 60, lakini sitaki kukikaribia kwa diski ya umri huu.

Waliotumia Windows 98 watakumbuka vile vimiraba vya rangi vilivyokuwa vikihama kwenye skrini, na jinsi kazi ilivyoanza upya kila kitu kingine kilipoandika kwenye diski. Kabla yake kulikuwa na DEFRAG ya MS-DOS 6 ya mwaka 1993, ambayo Microsoft iliipata kwa leseni kutoka Symantec. Tangu Windows Vista vimiraba havipo. Kuna asilimia tu na namba ya awamu. Mimi navikosa. Mtu aliyeviona alielewa mara moja, bila kuelezwa, kwamba faili si kitu kimoja kilichokaa mahali pamoja.

Jumatatu: matokeo

Kazi iliisha kabla ya alfajiri. Mtawanyiko asilimia 1. Nafasi wazi karibu yote imeungana. Contig inasema ile video sasa ina vipande 2.

Kunakili video ileile kwenda diski ileile ya nje: sekunde 16. Ilikuwa 66.

Kuwaka: dakika 4 na sekunde 25. Ilikuwa 6 na sekunde 10, na sehemu ya nafuu hiyo ni ya waya na usafi, si ya difragi.

Kaswida: hakuna mabadiliko. Sauti inakatika vilevile.

Jumatatu jioni: kwa nini kaswida bado

Hesabu tena, kabla ya kubahatisha. Audacity inarekodi kwa biti 32, sampuli 44,100 kwa sekunde. Hiyo ni baiti 176,400 kwa sekunde kwa kila sauti. Sauti nane ni megabaiti 1.4 kwa sekunde. Diski hii hata katika hali yake mbaya kabisa ilikuwa inatoa 21.

Mdogo wangu anatumia Audacity ya zamani, kabla ya 3.0 ya mwaka 2021, ambayo inaukata mradi katika mafaili madogo ya .au ya karibu megabaiti moja. Kila moja linabeba kama sekunde 6 za sauti. Kwa sauti nane unahitaji mafaili nane kila sekunde 6. Hata kila moja liwe limekatwa vipande 10, ni miruko 80, sekunde moja hivi kati ya sita. Kwa hiyo mtawanyiko peke yake usingeweza kuikata sauti, na mtu ambaye angedifragi kwa ajili ya kaswida angesubiri nafuu isiyokuwapo.

Kinachoweza kuikata ni diski kuwa inatumikia mwingine. Nimefungua Resource Monitor, dirisha la Windows linaloonyesha nani anatumia diski, huku kaswida ikicheza na kivinjari kikiwa wazi kama anavyofanya siku zote. Juu kabisa ya orodha ni pagefile.sys. RAM ya gigabaiti 4 imejaa, Windows inahamishia ziada kwenye diski na kuirudisha, huku na huko, na Audacity inasubiri zamu yake. Nyuma yake antivirusi, kisha huduma ya kuorodhesha mafaili kwa ajili ya utafutaji. Nikafunga kivinjari. Kaswida ikacheza mpaka mwisho bila kukatika hata mara moja.

Mdogo wangu alisimama nyuma yangu akisikiliza. "Kaka, kumbe ile dua ya mwisho tuliirekodi vizuri tu."

Ndiyo, waliirekodi vizuri. Walikuwa wameshapanga kuirudia yote.

Jumatano: RAM

Kipande cha pili cha gigabaiti 4, DDR3, kilichotumika. Nimekipima usiku mzima kwa MemTest86 kabla ya kukiamini, kwa sababu RAM mbovu inaharibu data kimyakimya, na hapo difragi nzima ingekuwa imefanyiwa kwenye mchanga.

Kuwaka: dakika 3 na sekunde 30. Kaswida inacheza kivinjari kikiwa wazi. Diski haikai tena asilimia 100.

Difragi ilirudisha sekunde 50 za kila video kubwa, na dakika moja na ziada ya kuwaka. RAM ilirudisha kaswida. Kama ningefanya vyote kwa siku moja nisingejua kipi kilifanya nini, na mwaka kesho ningetibu ugonjwa usio wenyewe.

Alhamisi: saa nane usiku

Swali lililokuwa linanisumbua: Windows inadifragi yenyewe kila wiki, haihitaji mtu. Mbona hii ilifika asilimia 31?

Kwenye Optimize Drives, dirisha la difragi la Windows, ratiba ilikuwa imewashwa. Jibu nimelipata kwenye matunzo ya kiotomatiki, ambayo ndiyo huianzisha difragi hiyo. Kwa kawaida yamepangwa saa nane usiku, na yakipitwa hungoja mashine iwe imewashwa na hakuna anayeitumia. Kwa mama mashine haiwi katika hali hiyo kamwe. Inawashwa ikiwa na kazi, inazimwa kazi ikiisha, na swichi ya ukutani inazimwa kila usiku. Mama hufanya hivyo kwa sababu ya umeme kupanda na kushuka, na siwezi kumwambia aache. Kwa miaka, matunzo yamekuwa yakingoja saa ambayo haiji.

Nimebadilisha saa, kwa kupitia Control Panel, Security and Maintenance, hadi 2:00 PM. Saa nane mchana mama ameshaswali adhuhuri, amekula, anapumzika, na mashine imewashwa tangu asubuhi alipokuwa anachapa maswali. Nimemweleza asiizime kabla ya saa tisa, na kwamba akisikia inakoroma hiyo saa asihofu.

"Kwa hiyo na yenyewe inajilaza mchana?"

"Ndiyo, mama. Inapanga vitu vyake."

Naamini nyumba nyingi za huku ziko hivi. Ratiba imetengenezwa kwa ajili ya ofisi ambayo mashine inawaka usiku kucha.

Ijumaa: kuhusu SSD, na yaliyobaki

Mdogo wangu ameuliza kwa nini tusiweke SSD, diski isiyozunguka, tangu mwanzo. Swali zuri, na jibu ni fedha, si kingine. SSD haina kichwa kinachotembea, kwa hiyo zile milisekunde 13 hazipo, na kuwaka kungeshuka chini ya dakika. Lakini nimemwonya jambo moja. Tukiweka, asije akaidifragi kwa programu ya zamani. Hakuna njia ya kufupisha humo, na kila kuandika kunapunguza uhai wa seli zake. Windows ikiitambua SSD, kitufe kilekile cha Optimize hutuma amri ya TRIM, inayoiambia diski ni sehemu zipi hazina tena data inayohitajika. Ni kazi tofauti kabisa. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, angalia safu ya aina ya diski kwenye dirisha hilo, uhakikishe mashine imeitambua inavyostahili.

Mpango ni SSD ndogo kwa ajili ya Windows na programu, na diski hii ibaki na sauti na video, ambako kasi ya kusoma mfululizo inatosha.

Programu ya torenti nimeiwekea itenge nafasi yote ya faili kabla ya kuanza kushusha. Mipaka tumekubaliana: nafasi wazi isishuke chini ya gigabaiti 70, ikikaribia, video ziende diski ya nje.

Jambo zito lililobaki ni kwamba masasisho ya usalama ya kawaida ya Windows 10 yalikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha tatu haimo katika orodha ya Windows 11. Nitaanza kumjaribishia mama Linux kwa flashi, nione kama mitihani yake yenye michoro inafunguka na kuchapika sawasawa kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia. Hilo litakuwa na shajara yake.

C7 leo: namba ileile ya Jumamosi. Kipimo kinachofuata ni mwisho wa mwezi, kwa Restart, video ileile, na contig -a kwenye folda mpya ya torenti.